Mtungi wa Mize

Paukwa!

Pakawa.

Itikieni vizuri, wali wangu mmekula wote. Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Na wewe uliye karibu na moto, acha kuuchokoachokoa, kuni hizo nimezibeba mimi kichwani. Ngano ya leo ina wivu ndani yake. Mwenye mke mwenza asinitazame kwa jicho baya, sikumtaja yeye.

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa wakisema na watu wakiwasikiliza, palikuwa na mchonga vinu jina lake Kombo. Kombo alikuwa na wake wawili, nyumba mbili, ua mmoja. Mke mkubwa aliitwa Siwema, mke mdogo aliitwa Kidawa. Kila Ijumaa, akishauza vinu vyake, Kombo alirudi na mchele, kunde na mafuta. Alikaa katikati ya ua na kibaba chake cha mti, akapima mbele ya wake zake wote wawili. Kibaba kwa Siwema, kibaba kwa Kidawa. Kibaba kwa Siwema, kibaba kwa Kidawa. Akimaliza alikung'uta mkeka, na hata punje zilizoanguka akazigawa sawasawa. Mume mwadilifu, jamani. Wako wangapi?

Lakini ikifika Jumatano, nyumba ya Kidawa ilikuwa haina kitu. Alitoka na kibakuli kwenda kuomba chumvi huku, mafuta kule. Na akipita mbele ya mlango wa Siwema, alisikia harufu ya nazi ikichemka.

Sasa sikilizeni desturi ya kijiji kile. Binti akiolewa, mama yake ndiye humpa vyombo vya kuanzia maisha. Siku ya harusi mama hujitwika sinia la shaba lenye vyombo hivyo, akatangulia mbele ya ngoma, kijiji kizima kikamtazama. Mwaka uliopita Siwema alimwoza bintiye, akatangulia na sinia limejaa: masufuria, vikombe, pawa, kila kitu kinang'aa. Wanawake walipiga vigelegele mpaka sauti zikawakauka. Kidawa naye alipiga vigelegele, huku moyo unamuungua.

Na mwaka huu ilikuwa zamu ya Mize, binti wa pekee wa Kidawa. Mize alikwisha kuposwa, na mpunga ukivunwa tu wangekuja kumchukua. Kidawa hakuwa na hata kikombe. Kila alipoifikiria siku hiyo, yeye mbele ya ngoma mikono mitupu, na Siwema kando anamtazama, chakula kilikuwa hakimpiti. Akawa anatwanga na kuimba:

Mume mmoja, kibaba kimoja,
kwake kunajaa, kwangu kunapungua.
Ananipunja nani, mbona sijamjua?

Mtu mwingine angekwenda kuuliza, "Dada, wewe unafanyaje?" Kidawa kuuliza? Afadhali ameze mwiba. Akamwita Paka.

"Paka, nenda kwa Siwema. Tazama anachofanya, uje uniambie. Nitakupa dagaa."

Paka akaenda, akajilaza kizingitini, akajifanya amelala. Akarudi.

"Nimeona moto," alisema Paka. "Chungu kikiiva tu, Bi Siwema anachomoa kuni, anazizima kwenye mchanga, anaziweka kando. Makaa anayafukia jivuni. Asubuhi anayapuliza, yanawaka tena. Mzigo mmoja wa kuni anautumia wiki mbili."

"Hicho ni choyo tu," alisema Kidawa. "Mtu hatajiriki kwa vijinga." Na jikoni mwake moto ulikuwa unawaka peke yake, hakuna hata chungu juu yake.

Mume mmoja, kibaba kimoja,
kwake kunajaa, kwangu kunapungua.
Ananipunja nani, mbona sijamjua?

Akamwita Kuku. "Kuku, nenda kwa Siwema. Tazama anachofanya, uje uniambie. Nitakupa mtama."

Kuku akaenda, akashinda kutwa nzima jikoni kwa Siwema. Akarudi amenywea.

"Mama, nimekaa na njaa," alisema Kuku. "Kule hakianguki kitu. Anapika kinacholiwa kikaisha. Ukoko anauloweka, wanaula asubuhi. Maji aliyooshea mchele anamwagia mchicha wake nyuma ya nyumba, na mchicha huo ndio mboga yao, hanunui. Mimi nimerudi kwako. Kwako kila siku nashiba mpaka natembea kwa shida."

Kidawa akatabasamu, akaona amesifiwa. Akammwagia Kuku kiporo cha jana, sufuria nusu. Lakini jioni Siwema alipopita na khanga mpya, tabasamu likamtoka. Alimtazama kuanzia ukosi mpaka pindo, akahesabu maua yaliyo kwenye ile khanga.

Mume mmoja, kibaba kimoja,
kwake kunajaa, kwangu kunapungua.
Ananipunja nani, mbona sijamjua?

Akamwita Panya. "Panya, wewe unaingia mahali ambapo wenzako hawaingii. Nenda kwa Siwema, mpaka chumbani. Tazama alichoficha, uje uniambie. Nitakupa kipande cha nazi."

Panya akaenda, akapenya ukutani, akaingia chumbani. Hakukaa. Alirudi mbio, macho yanamtoka maji.

"Uvunguni mwa kitanda chake kuna mtungi," alisema Panya. "Nimefika mdomoni mwake, nimenusa. Juu kuna jivu. Ndani ya jivu kuna majani ya mwarobaini. Na pilipili kavu. Nimepiga chafya mara tatu, nimekimbia."

Kidawa akasimama wima. "Jivu," alisema. "Majani machungu. Pilipili. Chini ya kitanda."

Wewe unayecheka pale nyuma, nyamaza, usiwaharibie wenzako. Wewe umelelewa na wakulima. Kidawa alizaliwa kwa wafinyanzi, watu wasiolima, kwao kunde zilinunuliwa za siku ile ile na kuliwa siku ile ile. Na tena alikuwa na wivu, na mwenye wivu akipata sababu haulizi ya pili.

"Ni uchawi," alisema. "Siwema anavuta riziki yangu kwa dawa. Nilijua mimi. Nilijua."

Na palepale, badala ya kuumia, akafurahi. Ndiyo, alifurahi. Mwaka mzima alikuwa anatafuta kosa la Siwema, na leo amelipata. Akaanza kupekua nyumba yake mwenyewe, aone kama ametegewa. Akapekua jikoni, hakuna. Akapekua chumbani kwake, hakuna. Akapekua chumbani kwa Mize, akainama uvunguni, na tazama: mtungi. Jivu juu. Majani ya mwarobaini. Pilipili kavu.

"Mpaka kwa mwanangu," alisema Kidawa.

Dawa ya kutegewa, katika kijiji kile, ilikuwa na utaratibu wake. Haitiwi mkono. Haitazamwi. Huchukuliwa mpaka kwenye maji yanayokwenda, ukayapa mgongo, ukaitupa kupitia begani, ukarudi nyumbani bila kugeuka. Kidawa akajifunga kitambaa puani, akaubeba mtungi. Ulikuwa mzito, akasema moyoni kwamba uchawi wa Siwema ni mkubwa. Akafika mtoni, akaupa mto mgongo, akautupa begani. Akasikia mtungi unapasuka juu ya mwamba na kitu kinamwagika majini, chwaaa. Hakugeuka. Akarudi nyumbani anatembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Alasiri Mize akarudi kutoka shambani. Akaingia chumbani, akatoka.

"Mama, nani ameingia chumbani mwangu? Mtungi wangu haupo."

"Nimekuokoa, mwanangu," alisema Kidawa. "Yule mwanamke alikutegea. Nimekwenda kuutupa mtoni."

Mize akakaa chini, palepale kwenye vumbi.

"Mama, zile zilikuwa kunde."

"Kunde gani?" alisema Kidawa.

"Kila ulipopima kunde za kupika, nilichota konzi moja nikaiweka. Moja tu, hata wewe hukujua imetoka. Jivu, mwarobaini na pilipili ni vya kuzuia fukusi wasizitoboe. Mfua shaba wa ng'ambo aliniambia nikimpelekea mtungi umejaa, atanipa sinia na masufuria mawili. Ulijaa tangu Jumatatu. Nilikuwa naupeleka kesho."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungezipika, mama."

"Na nani alikufundisha haya?"

"Mama mkubwa."

Hapo ndipo Kidawa alipochomwa hasa. Kunde zilimuuma, lakini hili lilimuuma zaidi: kwamba mwanawe alikuwa na shida, akavuka ua akaenda kwa yule. Alikimbia mpaka mtoni. Maji yalikuwa safi, hapana punje. Kambare mmoja mnene akatoa kichwa.

"Bi Kidawa," alisema Kambare, "ukarimu wako tumeusikia, leo tumeuona. Na kesho utaleta?"

Kidawa akageuka. Alirudi taratibu, na njiani hakuimba.

Mpunga ukavunwa. Siku ya harusi ikafika, ngoma ikaja mpaka uani, wanawake wakajaa, wote wanatazama mlango wa Kidawa. Kidawa alikuwa ndani, amekaa kitandani, amefunga mlango. Mlango ukagongwa. Siwema akaingia, amebeba sinia la shaba limefunikwa kitambaa.

Kidawa akaliona. Alijua. Siwema ametoa vyombo, basi Siwema ndiye atakayejitwika. Atatangulia mbele ya ngoma kwa mara ya pili, na kijiji kitasema huyu ndiye mama.

"Umekuja kumchukua na mwanangu," alisema.

"Nimekuja kukuamsha," alisema Siwema. "Ngoma inasubiri. Mimi mtungi wangu nimeshaupeleka ng'ambo, na binti mwingine wa kuoza sina. Haya, pokea."

"Watu wamekuona ukiingia nalo."

"Wataniona nikitoka mikono mitupu. Mize ana mama yake, Kidawa. Simama ujitwike."

Kidawa akasimama, akalipokea. Na mnajua alifanya nini kwanza? Kabla ya kushukuru, kabla ya kulia? Alilipima. Ndiyo, alilipima kwa mikono yake miwili. Mwaka uliopita yeye ndiye aliyemtwika Siwema sinia la bintiye, na uzito wa sinia lile haukumtoka mikononi mwaka mzima. Akalinyanyua la Mize kidogo, akalishusha, akalinyanyua tena, aone limepungua wapi.

Lilikuwa zito kuliko lile.

Akabaki nalo katikati ya chumba, anatafuta pa kuonea wivu, hapaoni. "Dada," alisema, na lilikuwa mara ya kwanza kumwita hivyo, "nisaidie, limenilemea."

Siwema akashika upande mmoja, akamtwika, akamfungulia mlango. Na Kidawa akatangulia mbele ya ngoma, machozi yanamtoka, na wanawake wakadhani analilia binti.

Ngano yangu nimeiweka chini. Anayeitaka aiokote, asiyeitaka aniachie, mimi nafukia makaa.