Majembe Sitini ya Watoto wa Mrindoko

Hebu nisaidieni, jamani, maana kisa hiki kimenivuruga kichwa. Kila nikimpa haki mmoja, mwenzake naye ananiingia moyoni.

Mhunzi Mrindoko aliacha watoto watatu. Namkunda, binti mkubwa, alijua habari za masoko: wapi chuma kinatafutwa, wapi kimedoda. Kiure alijua watu. Alikuchungulia tu usoni akajua una shida gani. Mgonja, kitinda mimba, alijua moto na nyundo, basi.

Kabla hajafa mzee alisema, "Atakayeilisha nyumba hii mwaka wa njaa, fuawe yangu, hili chuma ninalofulia juu yake, ni yake." Na fuawe ya ukoo ule haina wawili. Mmoja akishaikalia, ndugu zake hawagusi nyundo tena hadi kaburini. Msiniulize kama mwanamke huikalia, kwao huikalia.

Njaa ikaja. Jembe lililokuwa likipata mbuzi sasa halikupata hata kibaba cha mtama. Nani alime vumbi?

Namkunda akasema, "Wauza chumvi wanasema ng'ambo ya milima mvua imenyesha. Jembe moja, mbuzi wawili!" Wakajitwika majembe sitini, wakatembea siku tisa.

Lo! Kumbe wahunzi wa kila nchi nao walisikia. Soko limejaa majembe, hakuna anayeyatazama. Namkunda akaketi chini akalia.

Kiure akaenda kupiga soga na wachungaji, akarudi mbio. "Dada, nyamaza! Majani yamerefuka, ng'ombe wanapotelea humo. Watu wanataka kengele za kuwavika shingoni!"

"Tunazo?"

"Hatuna hata moja."

Wakamgeukia Mgonja. Akachimba shimo, akawasha moto, akaweka jiwe badala ya fuawe, akatoa nyundo aliyokuja nayo, akayafua majembe yote kuwa kengele, siku nne, viganja vikimchubuka. Zikagombewa. Wakarudi na mbuzi tisini, na mama yao aliyekuwa hajiwezi kwa njaa akanywa mchuzi, akainuka.

Hapo ugomvi ukaanza.

"Bila mimi mngefia hapa hapa," alisema Namkunda.

"Ulitupeleka kuuza majembe. Uliuza lipi?" Kiure akamrukia. "Kengele niliziona mimi."

Mgonja akauliza, "Zilijifua?"

Mimi nimechoka! Namkunda alikosea, lakini kosa lake ndilo lililowafikisha. Kiure aliona, mikono mitupu. Mgonja alifua, lakini angejuaje la kufua?

Sasa mvua imenyesha hata kwao. Uani kumejaa watu na mbuzi wao, wanataka majembe, na moto haujawashwa. Wazee waliitwa, wakala, wakaaga bila jibu. Mama mtu amesimama mlangoni, anawatazama wanawe watatu, kila mmoja ameshika nyundo yake.

Haya, wewe unayetikisa kichwa: ungemkalisha nani kwenye fuawe? Na wale wawili, nyundo ungewanyang'anya kwa maneno gani?