Kindi na Vumbi la Baada ya Nukta

Hapo zamani za kale, wanyama walipokuwa bado wanakwenda sokoni na vikapu vyao, alikuwepo Kindi, mjane mwenye watoto watatu na nyumba ya paa linalovuja. Sogeeni, watoto, msikie yaliyompata.

Mwaka huo Kindi alilima karanga. Akazing'oa, akazianika, akazimenya, akajitwika vibaba vinne, akaenda na wanawe hadi kwa Fisi, mnunuzi pekee pale sokoni. Mlangoni kwa Fisi palikuwa na kibao: KARANGA, KIBABA SH. 2.50.

Njiani kote Kindi alipiga hesabu. "Vibaba vinne. Shilingi mbili mara nne, nane. Senti hamsini mara nne, senti mia mbili, yaani shilingi mbili nyingine. Jumla kumi! Na makuti ya paa ni shilingi kumi. Masika yakija, yatatukuta wakavu!"

Fisi akapima karanga, pu! pu! pu! pu! Kisha akamwangushia sarafu mkononi. Nane tu.

"Bwana Fisi, zimepungua mbili."

"Zimepungua wapi? Mbili mara nne si nane?"

"Na ile hamsini iliyo baada ya nukta?"

"Kwa-ha-ha-haaa!" Fisi akacheka. "Hiyo ni vumbi tu, mama. Kalamu ilidondosha wino." Akaonyesha meno yote. "Au unataka kubishana?"

Moyo wa Kindi ukadunda, du-du-du! Nyuma yake walisimama Kanga na Nungunungu na vikapu vyao. Nao walipunjwa hivyo hivyo msimu mzima, wala hakuna aliyethubutu kufumbua mdomo. Kindi akawafikiria wanawe wakilowa usiku kucha. Machozi yakamlengalenga.

Ndipo macho yake yakatua kwenye mtungi wa asali pembeni mwa mlango, nao una kibao chake: KATA MOJA, SH. 0.90.

Machozi yakakauka.

"Nisamehe, bwana," akasema kwa sauti ya upole. "Lakini elimu kubwa kama hiyo, kwa nini niisikie peke yangu? Mweleze na Mzee Tembo, mkuu wa soko, ili wajinga kama mimi wasikusumbue tena."

Sifa zikamvimbisha Fisi kichwa. Tembo akaitwa, akaja, gudu! gudu!

"Mzee," Fisi akapaza sauti, "kilicho kabla ya nukta ni pesa. Kilicho baada ya nukta ni vumbi!"

"Una hakika, Fisi?"

"Naapa!"

"Haya, na iwe sheria ya soko zima."

Kindi hakungoja. "Wanangu, njooni na vikombe! Kanga, Nungunungu, karibuni!" Wakachota asali, chubwi! chubwi! Wakalamba mpaka viwiko.

"Wee! Wee! Asali yangu!" Fisi akaruka. "Lipeni!"

"Tulipe ngapi, bwana? Hebu tusome pamoja. Kabla ya nukta kuna nini?"

"Kuna... sifuri."

"Na baada ya nukta?"

"Tisini! Senti tisini!"

"Aka! Hilo si vumbi, bwana?"

Soko zima likaangua kicheko. Fisi akamrukia Kindi, lakini mkonga wa Tembo ukamdaka hewani.

"Chagua, Fisi. Ni vumbi kotekote, au ni senti kotekote?"

Fisi akautazama mtungi. Foleni ya wenye vikombe ilikuwa imefika kwa wauza viazi.

"Ni senti," akanong'ona.

"Sijasikia."

"NI SENTI! Na senti mia hufanya shilingi!"

"Basi walipe wote uliowapunja."

Fisi akalipa huku jasho likimtoka, Kanga chake, Nungunungu chake. Kindi akapokea shilingi zake mbili, akazifunga kwenye pindo la leso yake pamoja na zile nane.

"Na asali yangu, mzee?" Fisi akalia.

"Asali iliyolambwa wakati wa vumbi," akajibu Tembo, ambaye mkonga wake nao ulikuwa unanata, "hailipwi."

Mvua za masika zilipoanguka, shwaaa! watoto wa Kindi walikuwa wamelala chini ya makuti mapya, wakavu kabisa.

Nanyi mjue: asiyejua hesabu ya mali yake, huhesabiwa na mwenye meno.