Sweta Wakati wa Joto

Kaeni sawa, ndugu zangu, niwaeleze habari ya bwana mmoja mwenye mke na watoto watatu. Bwana huyu alikuwa na maneno anayopenda kuyasema akiwa na wenzake kibarazani: "Mimi watoto wangu nawalea kama marehemu baba alivyonilea."

Wenzake walimwamini. Akipiga hodi tu, nyumba nzima hunyamaza. Runinga inazimwa, viatu vinapangwa mlangoni, kila mtoto anashika daftari. Wanamwamkia, anaitikia "marahaba", kisha anaingia chumbani na simu yake. Fimbo ilikaa juu ya kabati la vyombo, mahali ambapo lazima uione.

Basi mkewe akasafiri wiki moja kwenda kumtazama dada yake aliyejifungua. Siku ya pili, baba akiwa kazini, binti yao mkubwa, wa miaka tisa, akawabandikia wadogo zake chai. Jiko la gesi walikuwa wamekatazwa kabisa kuligusa. Sufuria ikapinduka, maji ya moto yakammwagikia mkono wa kushoto, kutoka begani hadi kwenye kiwiko.

Alifanyaje? Alikimbilia kwa jirani? Hapana. Aliuma kanga ya mama yake ili asipige kelele. Akadeki sakafu mpaka ikakauka. Akajipaka dawa ya meno, akawaapisha wadogo zake wasiseme, akavaa sweta la shule.

Ilikuwa Februari, na joto la Februari mnalijua. Siku nne mtoto alishinda na sweta, akalala nalo. Na baba alimwona. Siku ya tatu ya lile sweta alimpita mlangoni, akamwambia, "Vizuri. Hivyo ndivyo anavyovaa mtoto mwenye adabu."

Siku ya nne akafika bibi yao, mama mzazi wa yule bwana, ametoka kijijini kuja kutibiwa macho. Macho yenyewe hayaoni vizuri. Hata chai hajamaliza, akamwita mjukuu wake.

"Mke mwenzangu, sogea hapa. Mbona unanuka dawa ya meno?"

"Nimepiga mswaki, bibi."

"Mswaki unapigwa begani?"

Akamvua sweta. Sweta likakataa kutoka. Lilikuwa limegandia kwenye nyama.

Baba akaitwa. Alipoona ule mkono, akakaa sakafuni pale pale alipokuwa amesimama. Akauliza kwa sauti ndogo, "Mwanangu, kwa nini hukuniambia?"

Mtoto akamjibu kwa heshima zote, "Nilikuwa nasubiri siku utakayorudi hujakasirika."

Wiki tatu alilazwa. Daktari alisema kidonda kilikuwa kimeoza, na wangechelewa siku mbili zaidi wangemzika. Alipona, lakini kile kiwiko hakinyooki mpaka leo.

Pale hospitalini, kwenye benchi nje ya wodi, bwana yule akamwambia mama yake, "Mama, mimi nimefanya kama baba. Baba naye alikuwa mkali. Baba alinipiga."

"Alikupiga mara tatu," mama akasema. "Zote nazikumbuka. Lakini kila jioni alikuwa anawakalisha mkekani, mmoja mmoja, anawashika miguu, anatafuta funza na miiba, kidole kwa kidole. Huku anawauliza leo mmekwenda wapi, nani kawaudhi. Hilo hulikumbuki?"

"Nilidhani anatukagua uchafu."

"Alikuwa anatazama mmeumia wapi."



Sasa tuje kwetu sisi. Msitoke hapa mkasema yule bwana alikuwa mkatili. Ni mtu wa swala tano, anasimama safu ya mbele, ada za shule hazimpiti siku. Ni mimi, ni wewe. Kila siku tunalalamika kwamba malezi ya zamani yamepotea. Yamepotea mikononi mwa nani? Wazee wetu walikula na watoto sinia moja, wakajua nani leo hakushiba. Walijua mtoto yupi kanyong'onyea kabla hajasema. Katika yote hayo, sisi tulichokibeba tukaja nacho ni fimbo. Na wengine wetu hata fimbo hatukuibeba, tunawapa watoto simu wanyamaze, halafu tunaita huko kunyamaza utulivu.

Mtoto wa miaka tisa, ndugu zangu, aliona heri kuoza mkono kuliko kumkabili baba yake. Tunalala vipi tukilisikia hilo?

Leo ukifika nyumbani, kabla hujauliza daftari, mwite mwanao, mshike mkono. Kama atashtuka kwa kuguswa na wewe, usimkemee. Jua kwamba nyumba niliyokuwa nikiisimulia ni yako.