Kiatu cha Dawa na Kengele ya Hodi

Kwanza niwaombe radhi, jamaa zangu. Hadithi hii nitaiharibu. Aliyenisimulia alikuwa na meno mawili tu, nayo hayakuwa yakielewana, kwa hiyo nusu niliisikia na nusu nilirushiwa mate. Mkiona mahali imechanika, msiniulize. Shikeni sindano mshone wenyewe.

Paukwa!

— Pakawa!

Hiyo ni pakawa, au kuna mtu amekanyaga paka? Paukwa!

— Pakawa!

Afadhali. Maana mtu akiita, huitikwa. Lishikeni hilo, litatufaa mbele.

Hapo zamani za kale, kale ile ya punda kujibu akitukanwa, palikuwa na mkwezi wa minazi akiitwa Machano. Hodari wa kupanda, hodari wa kucheka, hodari wa kupiga domo. Mnazi haukuwahi kumshinda. Kilichomshinda ni kiatu. Hakuwahi kuvaa kiatu tangu kuzaliwa, na nyayo zake zilikuwa ngumu hata mwiba ukimchoma, aliyelia “Aii!” ni mwiba.

Alikuwa na mke, Mwanaharusi, na binti mmoja, Mkejina. Mwaka mmoja mto ukafurika ghafla. Mwanaharusi alikuwa ameshuka kufua nguo. Mto ukarudisha nguo tu.

Siku hiyo Mkejina alikuwa kwa bibi yake, na hakuna aliyemtangulia na habari. Akarudi mbio, kibindoni ana korosho za kumpelekea mama yake, akasimama mlangoni.

“Hodi!”

Kimya.

“Hodi, mama!”

Kimya.

“Hodi!”

Kimya. Nanyi mnaijua ada yetu: hodi tatu zisipoitikwa, mgeni hurudi alikotoka. Mkejina hakuwa na pa kurudi. Akakaa kizingitini, akafunga mdomo. Tangu hapo neno halikutoka, na baadaye chakula nacho kikakataa kuingia. Akakonda, akabaki macho na shingo. Machano akaona wazi: mto umemla mmoja, sasa unamla wa pili, taratibu, bila hata kumlowesha.

Akaitwa mganga wa kwanza, akamfunga hirizi. Neno halikutoka. Akaitwa wa pili, akamfukiza mafusho mpaka jogoo akakohoa. Neno halikutoka. Akaitwa wa tatu, akamnywesha shubiri. Shubiri ilitoka, neno halikutoka.

Ndipo jirani yake, Bi Mize, akamwambia, “Machano, mwanangu, kule chini mto unapopinda kuna hekalu la Mabanyani. Ni la kale, na wazee wa pale wamejua mengi. Mpeleke mtoto.”

“Kwa Mabanyani, Bi Mize? Watu ambao hata salamu yao siijui?”

“Shauri yako. Wahenga walisema, Banyani mbaya, kiatu chake dawa.”

Sasa, mimi na wewe na hata mbuzi wa Bi Mize tunajua maana yake: huyo unayemnunia huenda ndiye atakayekufaa. Lakini mtu aliyekata tamaa hasikii methali. Husikia dawa. Machano akaruka juu.

“Kiatu! Muda wote huu kumbe dawa ni kiatu!”

Bi Mize akafungua mdomo amweleze, lakini Machano alikuwa keshafika zizini. Akampakia punda wake nazi upande mmoja na mtoto upande wa pili. Punda huyo jina lake Siachi.

“Tunakwenda wapi?” akauliza Siachi.

“Kuiba kiatu.”

Siachi akamtazama miguuni. “Wewe una miguu miwili na hujawahi kuivika. Mimi ninayo minne. Ukiiba, bwana, iba kwa haki.”

Wakafuata mto. Njia nzima Machano alitembea kati ya mtoto na maji, ili mtoto asiyaone. Wakalala njiani kwa watu wema, wakaondoka jogoo wa kwanza, na kulipoanza kupambazuka wakaukuta ukungu umelala juu ya mto kama mgonjwa aliyejifunika shuka.

Machano akaona mlima mbele yao. “Sikujua huku kuna mlima,” akasema.

Mlima ukapiga kengele.

Ngooong!

Ukungu ukapasuka. Halikuwa mlima. Lilikuwa hekalu, jeusi kwa mafuta na mvua za enzi na enzi, limepanda juu kwa vidato mpaka shingo ikauma kulitazama. Ukuta wote ulichongwa, hapakuachwa hata pa kuegemea: tembo juu ya tembo, wacheza ngoma, tausi, simba. Na ngazi za mawe zilishuka kutoka mlangoni hadi mtoni, zikaingia majini, zikaendelea kushuka, wala hakuna aliyewahi kuiona ya mwisho.

Ngazi zenyewe zilikuwa zimebonyea katikati kama kinu. Machano akainama, akapapasa. Si kazi ya patasi. Zimelika kwa nyayo. Nyayo tupu, za watu waliopanda na kushuka, wakafa, wakapanda watoto wao. Akauweka mguu wake mgumu ndani ya bonde lile. Ukatulia kana kwamba ulikuwa ukisubiriwa.

Na kule chini wanawake walisimama ndani ya mto, maji kiunoni, wakiteka kwa vyombo vya shaba na kuyamimina tena mtoni, wameelekea mashariki. Waliingia majini wakiimba. Kisha, tazameni, wakatoka. Mmoja baada ya mwingine, wamelowa chapachapa, wakapanda ngazi. Mkejina akawatazama kwa macho yote mawili, na macho yake yalikuwa makubwa.

Machano hakumwona anavyotazama, maana alikuwa ameshaona mlangoni. Lo! Viatu! Viatu kwa marundo! Hakuna aliyeingia navyo.

“Banyani mbaya, kiatu chake dawa,” akanong'ona, mate yakimjaa. “Duka zima la dawa, na halina mlinzi!”

“Mlinzi yupo,” ikasema sauti.

Alikuwa ng'ombe mweupe, amelala kando ya mlango, amevishwa shada la maua ya manjano, anacheua kwa heshima zake. Siachi akamtazama mara mbili.

“Dada,” akasema, “kazi hii uliiombaje?”

“Nilizaliwa nayo.”

Siachi akageukia ukuta. “Tembo yupo, simba yupo, tausi yupo. Punda je?”

“Pale chini kabisa,” akajibu ng'ombe. “Anabeba mawe ya kujengea.”

Siachi akaugeuzia ukuta mgongo.

Machano akachukua kiatu cha kwanza, kikubwa, kizito.

“Weka chini,” akasema ng'ombe. “Hicho ni cha ngozi. Huenda huyo ni shangazi yangu.”

Akachukua cha pili, kimetariziwa kwa shanga.

“Weka chini. Hicho kinabana, mwenyewe hulia akikivaa. Dawa gani inayoliza?”

Akachukua cha tatu. Hicho kilikuwa cha mti, mtalawanda wa kizamani, mrefu wa kisigino, umeng'aa kwa kuvaliwa. Ng'ombe akaacha kucheua.

“Huo ni wa Mzee Harjivani, mtumishi wa hekalu. Alirithi kwa baba yake, na baba yake kwa baba yake.”

“Ndio wenyewe!” akasema Machano. Akausunda kwapani chini ya kanzu, mmoja tu, akageuka aondoke. Punda yupo. Nazi zipo. Mtoto hayupo.

“Mkejina yuko wapi?”

“Ameingia,” akasema Siachi. “Nilitaka kumwita, nikaona kengele inamwita vizuri kuliko mimi.”

Machano akaingia mbio. Kisha mbio zikamwisha zenyewe. Ndani mlikuwa na giza la mawe, baridi, lenye harufu ya udi na asumini na samli. Nguzo zilisimama kama minazi, yeye mwenyewe akajikuta anazitazama vilele akitafuta nazi. Mbele kabisa, ndani ya kijumba cha jiwe, taa moja ilikuwa ikiwaka. Taa ndogo tu. Lakini mzee mmoja pembeni alikuwa akiipatia samli taratibu kama anayemlisha mtoto mchanga, na Machano akaelewa bila kuambiwa kuwa moto ule haukuwashwa na yeyote aliye hai.

Baragumu la kombe likalia. Watu wakasimama. Na nje jua likachomoza upande wa pili wa mto, likapiga maji, likapita mlangoni, likapita katikati ya nguzo zote kama mwenye nyumba anayejua njia, likaenda likatua usoni pa sanamu. Macho ya sanamu yakafunguka kwa mwanga. Watu wakavuta pumzi moja. Machano naye akavuta. Akainua mikono bila kujua, na mtalawanda ukaanguka kwenye jiwe.

Ko!

Watu wote wakageuka. Yule mzee wa taa akaja, akauokota. Akautazama. Akaitazama miguu yake mwenyewe, tupu. Akamtazama Machano.

“Bwana,” akasema, “nimeona wengi wakija na viatu wakaondoka pekupeku. Wewe ni wa kwanza kuja pekupeku ili uondoke na kiatu.”

Machano, kwa hofu, akaropoka, “Mzee wangu, naapa, si wizi! Ni dawa! Banyani mbaya, kiatu chake…” Akajiziba mdomo kwa kiganja.

“Endelea,” akasema Mzee Harjivani. “Kiatu chake dawa. Nami ni lipi hapo, ndugu yangu? Lile neno la pili?”

Machano akatamani sakafu imfungulie. “Samahani, mzee wangu. Mimi ndiye mbaya. Mwanangu hasemi. Wala hali chakula. Mto ulimchukua mama yake. Kama si kiatu, basi sijui tena ni nini.” Hapo machozi yakamtoka, yeye ambaye kijiji kizima kilidhani ana kicheko tu.

Mzee akaacha mzaha. “Mtoto mwenyewe yuko wapi?”

Alikuwa chini ya kengele. Kengele kubwa ya shaba, ining'iniayo penye kizingiti cha ndani, na mwisho wa kamba yake ulikuwa mbali na vidole vyake. Alikuwa ananyoosha mkono, hafiki. Ananyoosha, hafiki.

Mzee akachuchumaa kando yake. “Unajua hii ni nini, mjukuu wangu? Hii ndiyo hodi yetu. Wewe na baba yako mna mlango wenu wa kumwendea Mola, sisi tuna huu, na mlango wowote ule hauingiwi kama shamba la mihogo. Hupigwa hodi.”

Mkejina akamtazama. Swali lilikuwa usoni, zima, halikuhitaji mdomo.

“Ndiyo, yupo anayeitika,” akasema mzee. “Unaiona ile alama juu ya nguzo? Mto uliwahi kupanda mpaka pale. Tulikimbia sote. Maji yaliposhuka tukarudi, tukapiga hodi. Tuliyempigia alikuwa palepale.”

Kisha akamgeukia Machano. “Kalete na wa pili. Mtalawanda mmoja ni wa mwizi, miwili ni ya mwenyewe.”

Machano akatoka, akaleta. Mzee akaipanga miwili chini ya kengele, akaipangusa kwa nguo yake. “Ngozi haiingii humu, lakini mti huingia,” akasema. “Haya. Panda, mjukuu wangu.”

Mkejina akapanda juu ya viatu vya mti. Vile visigino virefu vilimpa kile alichopungukiwa. Akaishika kamba.

Ngooong! Midomo ikatetemeka, neno halikutoka.

Ngooong! Koo likapanda, likashuka, neno halikutoka.

Ngooong!

“Hodi,” akasema Mkejina. Sauti ilikuwa na kutu, kama bawaba ya mlango uliofungwa siku nyingi.

Hekalu zima likanyamaza, na katika ukimya ule Machano aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa juu ya mnazi. Ikiwa na safari hii hakuna atakayeitika?

Mwanamke mmoja alikuwa akiingia wakati ule. Ametoka mtoni, nguo zimemganda mwilini, maji yanamchuruzika mpaka sakafuni. Hakujua kisa, hakumjua mtoto. Aliisikia hodi tu, akaitika kama mtu mwenye adabu.

“Karibu, mwanangu.”

Na watu wote wakapokea, “Karibu!” Mawe yakapokea, “Karibu!” Hata nje, ng'ombe na punda, kila mmoja kwa sauti yake, “Karibu!”

Mkejina akashuka viatuni, akamkimbilia yule mama aliyelowa, akamkumbatia miguu, akalia kilio chote kilichokuwa kimebanwa. Alipomaliza kulia akasema neno la pili. “Njaa.” Zikapasuliwa nazi za Machano palepale kwenye jiwe, zikachanganywa na sukari, akala. Machano akakaa kwenye ngazi iliyobonyea, akautazama mto, mto uleule, unapita na jua mgongoni.

Walipofika kwao jioni, Machano akasema, “Mwanangu, ngoja kidogo hapo nje.” Akazunguka nyumba mbio, akarukia ua wa nyuma, akaangusha mtungi, akaingia ndani, akasimama nyuma ya mlango akihema.

“Hodi!” akasema Mkejina.

“Karibu, mwanangu,” akaitika baba yake. “Karibu ndani.”

Hadithi yangu imefika mlangoni, imevua viatu, nami naiacha hapo. Sasa nakwenda kupiga hodi kwangu. Mkisikia mke wangu haniitiki, msimlaumu maskini, ana haki yake: hizi kandambili nilizovaa ni zake.