Una Swali Kabla Hujaanza?

Wapendwa, leo nawapeleka kwenye usaili. Vyeti acheni nyumbani, njooni na masikio tu.

Palikuwa na binti mmoja wa chuo, anasomea kuandika programu za kompyuta. Akaomba nafasi ya mafunzo kazini kwenye kampuni moja ambayo kila mwanafunzi wa fani ile anaiota. Wanaoomba ni umati, wanaochukuliwa ni wa kuhesabika, na wengi wakishaingia hawatoki tena, wanaajiriwa hapo hapo. Sasa asubuhi moja binti anafungua simu, anakuta ujumbe: njoo kwenye usaili. Alipiga ukelele, bweni zima likadhani ameona nyoka!

Jamani, binti alijiandaa. Ubao hana, basi akachukua kipande cha sabuni ya mche akawa anaandika programu kwenye kioo cha dirisha. Anaandika, anafuta, anaandika tena. Waliopita nje waliona mahesabu yamegeuka nyuma mbele, wakatikisa vichwa. Mwenzake wa chumbani, ambaye anasomea ualimu na kompyuta anaijulia kuchapia tu, akawa ndiye bosi. Anakaa kitandani, anakunja nne, anakaza uso.

"Haya, dada, swali lako hili hapa. Jibu haraka, nina watu nje!"

Binti anajibu, tena bila kusita. Wanacheka mpaka wanalia. Kufika siku yenyewe, hakuna swali la vitabuni lililokuwa linamtisha. Moyo unamdunda, lakini kwa raha, kama mtu anayekwenda kupokea zawadi yake.

Akaingia chumbani. Akamkuta mama mmoja wa makamo, mhandisi mkuu wa pale, amekaa na kikombe cha chai.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Karibu ukae. Swali langu ni fupi: niandikie programu ya kupanga foleni ya wagonjwa kwenye zahanati. Una swali kabla hujaanza?"

"Hapana, mama. Nimeelewa."

Ameelewa! Foleni si ndiyo aliyoiandika dirishani mpaka sabuni ikaisha? Akashika kalamu, akaenda ubaoni, mkono ukawa unakimbia wenyewe. Anayetangulia kufika, atangulie kuonwa. Safi kabisa. Furaha ikampanda, akajiona ameshavaa kitambulisho cha kampuni shingoni.

Katikati ya kuandika, wazo likamjia: na akija mama mjamzito ameshikwa na uchungu, naye apange foleni?

Akageuka. Yule mhandisi alikuwa anamtazama, kikombe mkononi, nyusi zimepanda kidogo. Binti akafungua mdomo. Akaufunga. Tangu utoto wetu sisi, nani alitufundisha kumuuliza mkubwa? Mwalimu akisema "mmeelewa?", darasa zima tunaitikia "ndiyooo!", hata aliyelala. Mnacheka, na ninyi mliitikia! Binti akajiambia, nikiuliza ataona sijajiandaa. Akageukia ubao, akakisia. Akawaacha wote kwenye foleni moja.

Akamaliza mapema. Akaweka kalamu, anatabasamu.

"Umeandika vizuri sana," mhandisi akasema. "Sijaona kosa hata moja. Sasa akija mjamzito ana uchungu?"

Tabasamu likapungua. "Nilimfikiria, mama."

"Ukafanyaje?"

"Nikakisia."

"Mbona hukuniuliza?"

"Niliogopa utaona sijui."

Yule mama akaweka kikombe mezani. "Mwanangu, lile swali nililipunguza kwa makusudi. Kazi yetu hapa ndivyo ilivyo, mteja hakwambii yote, lazima umuulize. Yaliyobaki nilikuwa nayo mimi. Muda wote nimekaa mbele yako nasubiri uniulize."

Nafasi ile akapewa kijana ambaye ubaoni aliishia nusu. Nusu! Lakini alimuuliza yule mama maswali mpaka chai ikapoa.

Sasa, wapendwa, tusimsikitikie binti sana, maana binti ni sisi. Sisi ni hodari wa kujiandaa! Nguo za ibada tumepiga pasi, nyimbo tunazijua bila kitabu, sala zetu zimenyooka, hazina kosa hata moja. Tunaingia mbele za Mungu, tunasema yote tuliyokariri, tunasema amina, tunatoka. Yeye anatutazama: mwanangu, huna swali? Hapana, Bwana, nimeelewa. Umeelewa nini? Ndoa ile umeielewa? Yule mtoto aliyeacha kuzungumza nawe umemwelewa? Kuna mtu amekaa hapa leo, alikisia kazi, akakisia mchumba, na sasa anakisia namna ya kulea. Anapiga magoti kila siku, na hajawahi kuuliza!

Tunaogopa nini? Kwamba Mungu atagundua hatujui? Ndugu yangu, anajua kwamba hujui! Maisha yako hakukuandikia yote kwenye karatasi, kwa sababu alitaka uzungumze naye.

Na hapa ndipo ninaposhindwa kutulia, nisameheni, nitapiga meza hii. Saa ya yule binti iliisha, mlango ukafungwa nyuma yake. Yetu haijaisha! Bado tumo chumbani, na mwenye majibu amekaa mbele yetu, hajainuka, hana haraka. Basi leo usimsomee sala uliyoizoea. Lile jambo ulilokuwa umeshaanza kulikisia, fumba macho sasa hivi, umuulize.