Waliopita Kisimani Bila Kunywa

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana baiskeli zilikwishafika, watu wa Mwamanota walishindana baiskeli kila baada ya mavuno ya pamba. Zawadi ilikuwa ng'ombe mtamba mwenye mimba. Na kila mwaka alishinda Ngassa.

Ilikuwaje? Wote walikwenda kundi moja, kama wanakwenda ibadani. Kisimani walishuka, wakanywa, wakataniana. Kisha mlima. Mlimani Ngassa akawaacha. Mwaka huu hivyo, mwaka unaofuata hivyo hivyo.

Basi palikuwa na majirani watatu, waumini wa kigango kimoja. Ukame ulikuwa umewamalizia ng'ombe, na watoto wao walikunywa uji bila maziwa. Nkwabi, mgonjwa wa kifua, hakuweza kushindana, lakini aliwaza. Akamwambia Seni, "Kisimani usishuke. Pita! Utashinda."

"Watanicheka."

"Wacheke. Mwaka jana hawakukucheka, ulipata nini?"

Kisha akamwendea Limbu, jirani wa tatu, kwa siri. "Seni hatafika, ila atamchosha Ngassa. Wewe mfuate Ngassa, ujifiche upepo nyuma yake."

Siku ikafika. Kisimani wote wakashuka, Seni akapita.

"We Seni! Umepagawa? Utafia njiani!"

Ngassa alicheka hadi maji yakamtoka puani. Alipoinua macho, Seni alikuwa mbali, mdogo kama kunguru. Akarukia baiskeli, tumbo limejaa maji. Limbu, ambaye hakuonja hata tone, akamganda nyuma.

"Shemeji, na wewe kaa mbele, upepo unaniua!" Ngassa akalalamika.

"Tangulia tu, shemeji. Nakuheshimu."

Chini ya mlima walimkuta Seni ulimi nje. Wakampita. Ngassa naye akaishiwa nguvu. Limbu akapanda peke yake, akashinda.

Watu walishangilia, maana mashindano yalikuwa hayajawahi kunoga vile. Lakini majirani wote watatu walipokuja kudai zawadi, mtoa zawadi akasema, "Mtamba huyu ataingia zizi moja, na mwenyewe awe mmoja."

Limbu akasema, "Miguu iliyopanda mlima ni yangu. Ila nilijua Seni anadanganywa, nikanyamaza. Mungu anisamehe."

Nkwabi akasema, "Akili ni yangu. Na uongo ni wangu pia, natubu mbele yenu."

Seni akacheka. "Nimewasameheni. Lakini nisingethubutu mimi, si mngekuwa bado kisimani mnakunywa?"

Wakapeana mikono, wakamtazama mtamba.

Haya, ninyi mliokaa hapa mkinisikiliza, kamba ya mtamba mngempa nani?