Nishikie Mpira Nipumue

Mwalimu mmoja alikuwa na timu ya mpira ya wasichana, katika chuo cha ualimu kilichojengwa mlimani, pale ambapo mashamba ya chai yanakoma na migomba inaanza. Zamani timu ile ilicheza kwa kujihami. Ikishinda ilishinda kwa bao moja, ikifungwa ilifungwa kwa bao moja, na watazamaji walirudi makwao wakipiga miayo. Mwalimu hakuipenda miayo ile. Alikuwa mtu mwema, mwenye kutaka vijana wake washangiliwe, basi akajifunza mchezo wa siku hizi, mchezo wa mbio: mpira ukipatikana usikae, upelekwe mbele, upigwe. Akaigawa timu yake mafungu mawili. Washambuliaji akawapa uwanja wa juu wenye majani. Mabeki akawapa uwanja wa chini, karibu na bomba, usiokauka matope. Wa juu akawaambia kazi yao ni mabao, wa chini akawaambia kazi yao ni kuzuia, akaona kwamba mambo yamekaa sawa, kwa kuwa kila mtu ameijua kazi yake.

Msimu ule chuo kilishinda matano kwa matatu, kikashinda sita kwa manne. Watu waliacha kuchuma chai mapema ili waje kutazama. Yale matano waliyaimba njia nzima, na yale sita wakayaimba. Yale matatu na yale manne hayakuwa na wimbo. Washambuliaji walipokutana na mabeki bombani waliwatania, "Nyie wa matopeni, msijichoshe. Wakiingiza mawili, sisi tutaleta matano!" Mabeki walicheka, kwa maana utani ulikuwa mtamu, kisha wakaendelea kuosha viatu vyao. Tena ilikuwapo desturi pale chuoni: jioni ya ushindi mpishi alichinja kuku, na firigisi zote, zile ambazo majumbani huwekewa baba au mgeni wa heshima, zilikusanywa kwenye sahani moja, nayo ikawekwa mbele ya aliyefunga mabao mengi. Beki hakuwahi kuila sahani ile. Hakuna aliyewanyima, haikutokea tu.

Katika timu hiyo walikuwamo ndugu wawili wa tumbo moja. Mkubwa aliitwa Subilaga, naye alikuwa beki wa kati. Mdogo aliitwa Bupe, naye alikuwa mshambuliaji wa kati. Hata nyumbani walikuwa hivyo hivyo. Wakati wa kuvuna viazi, Bupe alichimba na Subilaga alibeba. Bupe alikuwa na mkono mwepesi, jembe lake lilikwenda kama limetumwa, na viazi vilitoka ardhini vikajaa mstari mzima. Kadiri mdogo alivyochimba upesi, ndivyo mkubwa alivyopanda kilima upesi akiwa na tenga kichwani, akashuka, akapanda tena. Kisha Bupe aliketi kwenye tuta, akapangusa mikono, akasema, "Mimi nimemaliza, dada. Wewe kazi yako kutembea tu." Jioni Subilaga alikula kimya. Bupe hakuwahi kujiuliza kwa nini dada yake anakula kimya. Alidhani ndivyo alivyoumbwa.

Msimhukumu Bupe haraka. Alikuwa kitinda mimba katika nyumba ya mabinti wengi, na mama yake alipotaka kumwita aliyataja kwanza majina ya dada zake wote, moja baada ya jingine, ndipo likaja la kwake. Kwa hiyo Bupe alikua na hofu, tena hofu iliyokuwa kubwa kuliko umri wake, kwamba angeweza kuishi hata akafa na asiwe ameonekana na mtu. Siku alipofunga bao la kwanza uwanja mzima uliliita jina lake, na uliliita bila kukosea. Tangu siku hiyo kila mpira uliomfikia aliupiga golini. Ulioingia ulimpa usingizi. Uliopaa ulimnyima.

Ikafika fainali ya vyuo. Wageni walitoka bondeni, wasichana wenye subira, ambao walipasiana mpira taratibu kama watu wanaochagua mchele. Siku hiyo alikuwapo pia mteuzi wa timu ya kanda, mzee mwenye mwavuli mweusi, ameketi kwenye kiti alicholetewa kutoka ofisini. Habari zilikuwa zimeenea kwamba anatafuta mshambuliaji mmoja tu. Bupe hakunywa hata chai asubuhi ile.

Mchezo ulianza, na kabla jasho halijawatoka wenyeji walikuwa wamefunga. Wakafunga tena, wakafunga la tatu. Mawili yalikuwa ya winga wa kushoto, moja la winga wa kulia. La Bupe halikuwapo. Watu walicheza ngoma kando ya mstari, na mwalimu alirusha kofia yake juu. Bupe aliwakumbatia wenzake, akatabasamu, na moyo wake ukawa unamsuta kwa sababu furaha ile haikumfika ndani. Alimtazama mzee wa mwavuli. Mzee alikuwa anamtazama winga wa kushoto.

Basi kipindi cha pili Bupe akawa kila akiupata mpira anaupiga. Aliupiga kutoka mbali, akaupiga akiwa amezungukwa, akaupiga hata pale winga alipokuwa peke yake akimnyooshea mkono. Mmoja uligonga mwamba. Mingine ilikwenda migombani. Na kila uliopotea uliwaendea wageni, nao waliupokea bila haraka, wakaushusha kwa pasi zao za kuchagua mchele mpaka wakawafikia mabeki, ambao walikuwa ndio kwanza wameuondoa. Waliuondoa tena. Ulikaa mbele kwa muda wa mtu kumeza mate, ukarudi. Bupe hakuyaona hayo. Mwenye kutazama golini kwa watu hamwoni wa nyuma yake.

Wageni wakapata la kwanza. Mwalimu akapiga kelele, "Mbele! Mbele! Ongezeni!" Mvua nyepesi ya mlimani ikaanza. Wageni wakapata la pili. Mwalimu akageukia benchi ili amtoe beki mmoja aliyekuwa anachechemea, akakuta kwamba amekuja na washambuliaji tupu. Hakuwa amewahi kufikiri kwamba kinachoweza kumwishia ni watu wa nyuma. Akasimama pale, kofia mkononi, mvua ikimnyeshea kichwani.

Mpira ukawekwa katikati. Ndipo watu wakaona jambo ambalo hawakuwahi kuliona msimu mzima. Subilaga, ambaye hakuwa na desturi ya kuvuka nusu ya uwanja, alitoka nyuma akaja mpaka kwenye duara la kati. Alikuja akitembea, akiburuta mguu mmoja, matope yamempanda hadi kiunoni. Mtu mmoja kando ya mstari alipaza sauti, "Wewe beki, umepotea njia? Kwenu kule!" Wengine wakacheka. Bupe alipomwona dada yake anakuja, alijikaza. Alijua kosa lake hata kabla hajaambiwa, na alikuwa tayari kugombezwa. Pengine angefurahi kugombezwa, kwa kuwa angekuwa na la kujibu.

Lakini Subilaga hakumgombeza. Aliweka mkono begani kwa mdogo wake, si kwa kumbembeleza, bali kwa kujishikiza asianguke, akasema, "Bupe, mdogo wangu, sitaki bao. Nishikie mpira nipumue."

Akageuka, akarudi alikotoka.

Refa akapuliza. Mpira ulikwenda kwa winga, ukarudi, na wageni walikuwa wamesogea mbele wakitafuta la tatu, hivyo Bupe alipoupokea alikuta njia imefunguka. Alikimbia. Sauti zikainuka, "Piga! Bupe, piga!" Jina lake lilikuwa limerudi vinywani mwa watu wote. Mzee wa mwavuli akasimama kutoka kwenye kiti chake. Mbele yake Bupe aliona lango, kipa amesogea, na upande wa kulia nafasi ile aliyoijua, ambayo mara nyingine mpira huingia na mara nyingi hupaa. Huenda ungeingia. Mimi sijui, na yeye mpaka leo hajui.

Akiwa ameinua mguu alifanya jambo dogo. Alitazama nyuma. Aliwaona, mbali kule, mmoja ameketi chini kabisa, mwingine ameinama na mikono magotini, na dada yake amelala chali, kipa akimnyoosha mguu uliokaza misuli. Walikuwa wachache na wadogo kutoka pale alipokuwa. Akamwona Subilaga na tenga kichwani, akipanda kilima. Alielewa wakati huo, wala hakuna mtu aliyemweleza, kwamba uwanja ulikuwa mmoja siku zote: bao likiingia mpira utarudi kule, likikosa mpira utarudi kule, na hakuna namna yoyote ya kutorudi kule, isipokuwa ukae hapa, miguuni pake.

Akashusha mguu. Akaligeuzia lango mgongo, akaukokota mpira mpaka pembeni kwenye kibendera cha kona, akasimama na kuukinga kwa mwili wake.

Kelele zilizozuka zilikuwa za watu waliodhulumiwa. "Huyu vipi?" "Mwoga!" "Anaukumbatia kama mtoto na mdoli wake!" Mwalimu alifungua kinywa apige kelele pia, kisha akageuza macho upande wa pili wa uwanja, akawaona mabeki wake wanasimama mmoja mmoja, wanavuta pumzi. Akakifunga kinywa chake. Wageni walimjia Bupe wawili, kisha watatu. Walimpiga mateke ya miguuni, wakamsukuma, mpira ukatoka nje. Ukarushwa, akaupata, akarudi nao pale pale. Ukatoka ukawa kona. Wakaanzisha kona fupi, akaupata tena. Alikuwa analia, ila mvua ilimsitiri. Soli ya kiatu, kiwiko, matusi ya pembeni, vyote alivipokea kwa mgongo. Mzee wa mwavuli alitikisa kichwa, akaandamana na dereva wake kuelekea kwenye gari, maana hakuwa amekuja kutazama mtu anayesimama.

Wageni walipoupata mpira hatimaye, waliushusha kwa subira yao ileile, wakashambulia mara moja ya mwisho. Lakini safari hii waliwakuta watu waliokwisha kupumua. Subilaga aliuondoa kwa mguu wake mzima, ukaenda juu, ukapotea kwenye mvua, na kabla haujatua filimbi ya mwisho ikalia. Matatu kwa mawili.

Hakuna aliyebebwa mabegani siku ile. Watazamaji waliondoka wakinung'unika juu ya kipindi cha pili. Mteuzi alimchukua msichana wa bondeni aliyefunga yale mawili, na Bupe hakuitwa, siku hiyo wala baadaye. Jioni mpishi alichinja kuku kama ilivyo desturi, akatoka jikoni na sahani ya firigisi, akauliza, "Haya, mfungaji wangu nani leo?" Wakamwonyesha winga wa kushoto, naye alikula kwa furaha, kwa haki yake. Bupe aliketi mwisho wa meza, karibu na mabeki, mahali ambapo hakuwahi kukaa. Hakuweza kula. Subilaga alimtazama kidogo. Kisha alichukua paja kutoka kwenye sahani yake mwenyewe, akaliweka kwenye sahani ya mdogo wake, na kwa mara ya kwanza tangu waje chuoni alizungumza wakati wa chakula, akaongea mambo madogo madogo, ya nyumbani, ya viazi, ya mama yao na majina yake mengi, mpaka Bupe akacheka, akala.

Mwalimu aliyaona hayo kutoka meza ya wakufunzi. Kesho yake aliwaita wote wapande uwanja wa juu.

Sasa ninyi mliosikia, mnaotoka na mnaobaki, mnaochimba na mnaobeba, nijibuni: kati ya wote waliokuwa uwanjani siku ile, ni nani aliyelinda lango?